Ndoa Iliyosalitiwa Si Ndoa Bandia

Muhula uliopita dada mmoja wa jumuiya yetu alituletea simu yake pamoja na ombi. Ndani ya simu kulikuwa na jumbe za WhatsApp za karibu miaka miwili kati yake na mwanamume aliyekuwa mumewe, na ombi lilikuwa tuzitafsiri kwa Kiingereza ili azitie kwenye faili lake la uhamiaji. Tulikubali. Kazi za namna hiyo tumezizoea. Wengi wetu katika klabu hii tulianza kusoma barua za serikali kwenye meza ya jikoni tukiwa bado shule ya msingi, mama amesimama nyuma yetu na mwiko mkononi akiuliza, "Wanasema nini?"

Lakini dada yule alitaka tuchague. Tutafsiri salamu za asubuhi, "umekula?", "usisahau maziwa ukitoka kazini", na picha za Idi waliyosherehekea pamoja. Halafu tuiache kabisa miezi minne ya mwisho. Hiyo ndiyo miezi aliyogundua kwamba mumewe ana mwanamke mwingine mtaa wa tatu tu kutoka kwao, na jumbe za miezi hiyo zina matusi, vilio, maswali ya saa nane za usiku na majibu ya neno moja.

Alikuwa anaona aibu, na zaidi ya aibu alikuwa anaogopa. Watu wazima anaowaheshimu walikuwa wamemwambia kwamba Uhamiaji wakijua ndani ya ndoa kulikuwa na uzinzi, ndoa nzima itahesabiwa kuwa ya uongo na kadi itakwenda na maji. Kwamba si yeye aliyezini, hakuna aliyeliona kuwa jambo la kumfariji. Alikuja kwetu akitetemeka kama yeye ndiye mkosaji.

Wakili aliyekuwa akimsaidia bila malipo alitaka kuona kila kitu, na alianza kusoma kurasa zile zile tulizoombwa kuziacha. Alipomaliza alisema jambo ambalo hatujalisahau: watu waliooana kwa ajili ya karatasi hawagombani hivi. Mtu aliyekodi ndoa hakeshi akiuliza mwenzake yuko wapi. Wivu ule, alisema, ulikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko picha za Idi.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya kikao kile. Tunaona jumuiya zetu hapa Marekani, za Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine tunaokutana nao kwa Kiswahili, zimechanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga: ndoa iliyosalitiwa na ndoa bandia. Mchanganyiko huo unawaumiza watu wasio na kosa na unawapa wakosaji fimbo ya kuwachapia wenzao. Na sisi vijana tunaotafsiri tumo katikati yake, tupende tusipende.

Tuanze na swali ambalo sheria inauliza, maana si lile linaloulizwa msibani na harusini. Afisa wa USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji, hapimi mlipendana kiasi gani wala mlivumiliana mpaka lini. Anatafuta kujua kama siku mlipooana mlikusudia kuishi pamoja kama mume na mke. Mwaka 1975 mahakama ya rufani ya kanda ya 9 iliamua kesi ya Bark, ya mume na mke waliogombana na kutengana baada ya kuoana. Mahakama ilisema kutengana peke yake hakuthibitishi kwamba ndoa ilikuwa ya uongo. Mwenendo wa baada ya harusi una uzito kwa kadiri tu unavyoonyesha nia waliyokuwa nayo siku ya harusi. Mwaka 1980 bodi ya rufaa za uhamiaji ilifuata mkondo huo huo katika shauri la McKee: ndoa iliyoanza kwa nia ya kweli na ambayo bado haijavunjwa kisheria haikataliwi kwa sababu tu wenyewe hawakai tena pamoja.

Sasa weka usaliti ndani ya swali hilo. Bwana ambaye kabla ya harusi alikuwa akiishi na mpenzi wake, siku ya harusi akasaini na mwanamke mwingine mwenye uraia, na jioni akarudi kulala kwa mpenzi wake, huyo usaliti wake unasema jambo kuhusu nia. Afisa atauona na ana haki ya kuuona. Lakini bwana aliyeishi na mkewe kwa kweli, wakalipa kodi ya nyumba pamoja, wakazika mzazi pamoja, na mwaka wa tatu akaanza kuchepuka, huyo amevunja ahadi iliyokuwa ya kweli. Mtu hawezi kuvunja kitu ambacho hakikuwepo. Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa kabisa mbele ya sheria. Kwenye baraza zetu wanaitwa jina moja.

Kwa ndoa bandia hatuna utetezi wala hatuutafuti. Sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1986 inaweka kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000 kwa anayeoa au kuolewa makusudi ili kukwepa sheria za uhamiaji. Zaidi ya hapo, mgeni aliyethibitika kufanya hivyo hawezi tena kuidhinishiwa ombi la aina hiyo, hata kama baadaye atapata ndoa ya kweli yenye watoto wanne. Ndiyo maana neno "bandia" halifai kurushwarushwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kama tunavyorusha vichekesho. Mtu akisema "ile ndoa yao ilikuwa ya makaratasi tu" kwa sababu amemwona bwana na mwanamke mwingine dukani, amesema jambo zito sana.

Sheria hiyo hiyo ya 1986 ndiyo iliyoleta kadi ya masharti. Kama siku unapopewa ukaazi ndoa yenu haijatimiza miaka 2, unapewa kadi ya miaka 2 tu. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wewe na mwenzi wako mnatakiwa kujaza pamoja fomu I-751 kuomba masharti yaondolewe. Hapa ndipo usaliti unapouma kuliko mahali pengine popote, na si kwa sababu fomu inauliza juu yake. Unauma kwa sababu mwaka wa pili unafika na mmoja hataki tena kusaini.

Wengi wanaamini kwamba hapo ndipo mwisho. Sivyo. Anayekataliwa saini anaweza kuomba peke yake kama ndoa ilikuwa ya nia njema lakini imevunjwa kwa talaka iliyokamilika, au kama alipigwa au kutendewa ukatili uliokithiri, au kama kurudishwa kwao kutamtesa kupita kiasi. Dada yetu alikuwa katika njia ya kwanza. Alichotakiwa kuonyesha ni kwamba aliingia kwenye ndoa kwa moyo mmoja. Fikiri basi hasara ambayo angejitia kama tungemtii. Angepeleka faili lenye "umekula?" mia mbili, halafu kimya cha miezi minne, halafu talaka. Afisa yeyote angejiuliza kulitokea nini, na mahali pa jibu la kweli pangekuwa na tundu lililochimbwa na sisi.

Kabla kadi haijatoka, hali ni tofauti, na tuseme wazi ili tusiwape watu matumaini ya bure. Mwenzi aliyewasilisha ombi la I-130 anaweza kuliondoa wakati mhusika bado anasubiri. Talaka ikikamilika kabla ya ukaazi kutolewa, ombi la ndoa linaanguka nayo. Kwa hiyo tishio la "nitaondoa karatasi zako" katika kipindi hicho si maneno matupu. Lakini mtu akishashika kadi, hata ile ya masharti, mumewe au mkewe hawezi kuifuta kwa kupiga simu. Anaweza kukataa kusaini, anaweza kupeleka malalamiko, ila anayeamua si yeye. Tena, kuna kichekesho ndani yake: aliyesaini hati ya udhamini I-864 na serikali hawezi kuifuta kwa hasira. Aliahidi kumtunza mgeni wake kwa kiwango cha angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini, na ahadi hiyo haiishi kwa talaka. Inaendelea mpaka mgeni awe raia, au atimize robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aondoke moja kwa moja, au mmoja wao afariki. Tumewahi kumsikia mzee mmoja akijigamba kwamba "amemkatia udhamini" mke aliyemwacha. Tulinyamaza kwa heshima.

Tishio lenyewe ndilo tunalotaka kulisema kwa sauti. Tumelisikia kwenye nyumba za watu tunaowajua: "Ukiniuliza nilikuwa wapi, nawapigia Uhamiaji." Kosa ni la anayetishia, na anayeogopa ni aliyekosewa. Mwanamke anajua mumewe ana nyumba ndogo, anakaa kimya. Anapigwa kwa kuuliza, anakaa kimya. Wanaume wapo pia katika hali hiyo, wenye kadi zinazomtegemea mke raia, na aibu yao ya kusema ni kubwa zaidi kwa sababu nani atamwonea huruma mwanamume anayeogopa mke? Kimya hicho kinajengwa na sisi wote tunaorudia kwamba usaliti wowote ukijulikana, kadi inapotea.

Wasichoambiwa ni hiki. Tangu mwaka 1994 sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ambayo licha ya jina lake inawahusu na wanaume, inamruhusu mwenzi aliyeteswa na raia au mkaazi wa kudumu kujiombea mwenyewe, bila saini ya mtesaji na bila yeye kuarifiwa. Sheria ya mwaka 1996 ikaongeza kwamba maafisa hawaruhusiwi kumfanyia mtu huyo uamuzi mbaya kwa kutegemea tu habari zilizoletwa na mtesaji wake, wala hawaruhusiwi kutoa siri za faili lake. Usaliti peke yake hauhesabiwi kuwa ukatili. Lakini usaliti unaoambatana na vitisho, kunyimwa pesa, kudhalilishwa mbele ya watoto na kutishiwa karatasi unaweza kuwa sehemu ya picha kubwa zaidi, na picha hiyo inastahili kuonwa na wakili, si na shangazi peke yake.

Je, kuna mahali ambapo uzinzi wenyewe, kama uzinzi, unahesabiwa? Upo, na ni kwenye uraia. Anayeomba uraia anatakiwa kuonyesha tabia njema kwa kipindi cha miaka 5 iliyopita, au 3 kama anaomba kwa sababu anaishi na mwenzi raia. Sheria ya mwaka 1952 ilisema waziwazi kwamba aliyezini katika kipindi hicho hana tabia njema. Mwaka 1981 Bunge liliondoa kifungu hicho. Hata hivyo, kanuni iliyopo bado inamtaja mtu aliyekuwa na uhusiano nje ya ndoa ambao ulielekea kuivunja ndoa iliyokuwepo, isipokuwa awe na sababu za kumpunguzia lawama, kama vile wanandoa kuwa walishatengana kwa kukubaliana kabla ya hapo. Uangalie uzito wa maneno: "ulielekea kuivunja ndoa". Haitoshi kwamba jambo lilitokea. Na kanuni hiyo hiyo, mstari mmoja juu yake, inamtaja mtu anayekataa makusudi kuwatunza wanaomtegemea. Tungependa mstari huo wa juu usomwe kwa sauti kwenye mikutano ya jumuiya. Mtoto aliyepatikana nje ya ndoa na akatunzwa si kosa la uhamiaji. Mtoto aliyepatikana nje ya ndoa na akatelekezwa anaweza kuwa.

Kuhusu watoto hao tuna la ziada. Fomu za ukaazi zinataka watoto wote waorodheshwe, wa ndani ya ndoa na wa nje, walio hapa na walioko Kigoma au Mombasa. Baba anamwacha mmoja nje ya orodha ili mama wa nyumbani asijue. Miaka inapita, mtoto anakua, baba anataka kumleta, na sasa faili lina watoto wawili ambapo zamani liliapa kuna mmoja. Afisa haulizi tena juu ya uzinzi. Anauliza kwa nini ulidanganya chini ya kiapo, na swali hilo lina mkia mrefu kuliko la kwanza. Hivyo hivyo kwa bwana aliyehamia kwa hawara lakini anaomba uraia kwa njia ya miaka 3 akidai bado anaishi na mkewe. Angesubiri miaka 5 angeomba kwa miguu yake mwenyewe, bila uongo wowote. Haraka yake ndiyo iliyomtia mashakani.

Jambo jingine linatugusa sisi watu wa pwani na Waislamu wenzetu hasa. Kuna wanaosema, "Mimi sikuzini, nilioa mke wa pili." Kwa Mungu na kwa ukoo huenda amesema kweli, na sheria za ndoa za Tanzania na Kenya zinatambua ndoa za wake wengi. Hapa lakini mlango ni mwembamba: mgeni anayekuja Marekani akikusudia kuishi na wake wengi haruhusiwi kuingia kama mhamiaji, na anayefanya hivyo akiwa hapa anazuiwa kwenye tabia njema. Kwa uhamiaji anayetambuliwa ni mke wa kwanza. Talaka ya mdomo iliyotamkwa sebuleni katika jimbo la Marekani haivunji ndoa mbele ya mahakama, hata kama eda imekwisha na shehe ameridhika. Kwa hiyo bwana aliyempa mkewe talaka tatu kwa simu kisha akafunga nikaha nyingine msikitini anaweza kujikuta, kwenye karatasi, ana wake wawili, wakati moyoni mwake hana kosa hata moja. Tunawaomba maimamu na wachungaji wetu waulize swali moja kabla ya kufungisha ndoa: cheti cha talaka cha mahakama kiko wapi?

Tunajua pingamizi litakalokuja. Baadhi ya wazee watasema mambo ya chumbani hayaandikwi magazetini, na vijana waliozaliwa huku wamekosa haya. Tunawaheshimu, lakini tunajiuliza: mambo haya yameshatoka chumbani siku nyingi. Yamo kwenye fomu, yamo kwenye mahojiano ambapo mume na mke wanawekwa vyumba tofauti na kuulizwa nani hulala upande gani. Mahojiano hayo yanaitwa ya Stokes, kwa jina la kesi ya New York ya miaka ya 1970. Serikali imeshaingia chumbani. Aliyebaki nje ni jirani mwenye taarifa sahihi.

Wengine, hasa wenzetu wa rika letu, watasema kinyume: msaliti apate anachostahili, na kama kadi yake itapotea, basi. Hasira hiyo tunaielewa. Baadhi yetu tumekulia kwenye nyumba zilizovunjika kwa namna hiyo. Lakini atakayeadhibiwa si yeye peke yake. Katika jumuiya za Wakongo na Warundi kuna familia ambazo mzazi mmoja alikuja kama mkimbizi na mwingine akabaki Nyarugusu au Kakuma. Aliyefika ana miaka 2 ya kuwasilisha ombi la kumleta mwenzi wake, kisha kusubiri kunaendelea bila mtu kujua kutaisha lini. Mwaka wa nne, wa tano, mtu anakosea. Ukipiga simu kwa hasira, umewakata watoto walioko kambini na mama ambaye hajafanya lolote ila kusubiri.

Turudi kwenye Kiswahili, maana hii ni klabu ya Kiswahili na ndipo wajibu wetu ulipo. Kila tafsiri inayopelekwa USCIS inaambatana na cheti: mfasiri anasaini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Sisi tunaosaini tuna miaka 19, 20, na Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha darasani. Je, tunazimudu?

Chukua "ameniacha". Mtu wa Tanga au Lamu akisema "mume wangu ameniacha" huenda anamaanisha ametoa talaka. Mama wa Bukavu akisema hivyo huenda anamaanisha kaondoka asubuhi na begi lake. Kwenye fomu, kutalikiwa na kutengana ni visanduku viwili tofauti, na tumeona hapo juu kinachoweza kutokea kisanduku kikikosewa. "Tumeachana" nalo ni vilevile. Vijana huachana hata kabla ya kuoana. Halafu kuna majina ya huyo mtu wa tatu: hawara, kimada, mchepuko, nyumba ndogo, mpango wa kando, na Wakongo kwa Kifaransa chao wana "ofisi ya pili". Kila jina lina joto lake. Mfasiri akiandika yote kwa neno moja la Kiingereza la mahakamani, ameongeza ukali ambao msemaji hakuutia. Akilainisha yote, ameficha.

Kwenye jumbe za dada yetu kulikuwa na sentensi iliyotukalisha saa nzima. Usiku mmoja alimwandikia mumewe, "Nenda ukale kwa huyo mke wako wa pili." Kila Mswahili anajua hiyo ni kejeli, ni mke gani wa pili, hakuna mahari wala nikaha. Lakini iandike kwa Kiingereza ilivyo, na afisa asiyetujua anasoma kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya wake wawili. Mmoja wetu alipendekeza tuandike "huyo mwanamke wako". Mwingine akasema cheti tunachosaini kinasema "kamili na sahihi", hakisemi "yenye busara". Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tulimuuliza wakili. Alisema tutafsiri neno kwa neno, na dada mwenyewe ataeleza kwenye hati yake ya kiapo kwamba alikuwa akimkejeli. Maelezo ni ya mwenye maneno. Kazi yetu ni maneno.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Hatupunguzi ukurasa hata tukiombwa kwa machozi. Hatutoi ushauri wa sheria. Tunamwelekeza mtu kwa wakili au kwa shirika lenye kibali, kwa sababu sisi ni wanafunzi na tulichoandika hapa ni maoni. Neno likiwa na maana mbili, tunamuuliza mwenyewe kabla ya kuandika. Na tukiombwa barua ya kushuhudia kwamba ndoa ya fulani ni ya kweli, tunaandika tulichokiona kwa macho: tulikula kwao, tuliwaona wakihama nyumba, tulikuwepo alipojifungua. Uvumi hatuuandiki, wa kumjenga wala wa kumbomoa. Yupo mwanaklabu aliyekataa kabisa kumwandikia mjomba wake barua, kwa kuwa hakuwahi kumwona na huyo mke hata siku moja. Nyumbani kwao hawakuzungumza naye kwa wiki mbili.

Kwa walimu wetu tuna ombi. Tumesoma tamthilia na riwaya, na hatujutii. Tumechambua mke aliyesalitiwa kama mhusika katika kurasa nyingi za insha. Lakini hakuna kozi iliyotufundisha kutofautisha kutengana na kutalikiana kwenye hati, au namna ya kutafsiri matusi ya mtu aliyeumizwa bila kumwaibisha na bila kumdanganya afisa. Vipindi viwili kwa muhula vingetosha kuanzia. Jumbe za kufanyia mazoezi tunaweza kuzitunga wenyewe. Tumesikia vya kutosha.

Faili la dada yule lilipelekwa likiwa na kurasa zote, miezi minne ikiwa ndani. Bado anasubiri jibu. Siku ya kuja kuchukua nakala zake alizipitia akiwa amesimama, akafika kwenye ule usiku wa mke wa pili, akasoma Kiingereza chetu polepole kwa kidole. "Hivi ndivyo nilivyosema?" Tukamjibu ndivyo. Akacheka, mara ya kwanza tangu tumfahamu, akasema kwa Kiingereza halina makali hata kidogo.